Tuliwaambia Hatujambo

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii imekukuta umekaa, na kama umesimama, tafadhali kaa, kwa sababu ni ndefu na sina nia ya kuifupisha. Mgongo unaendeleaje? Najua utasema hausumbui. Kaka ameniambia siku hizi unashona ukiwa umeegemea ukuta, na kwamba alipokuletea kiti chenye mgongo ulimrudisha nacho, ukidai viti vya namna hiyo ni vya wagonjwa. Kipokee hicho kiti, Mama. Na macho je? Wifi je, na tumbo lake hilo la miezi saba? Mimi huku nakula, nalala, nakwenda kazini. Nina mafua ya wiki mbili na hasira ya wiki moja, na hiyo hasira ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Ujumbe wako Kaka aliufikisha wote. Nilimwambia asipunguze neno, naye maskini akajikaza, akausema kama hakimu anayesoma hukumu asiyoipenda. Kwamba hukunisomesha ili niwe ombaomba wa kuvaa viatu vya kisigino. Kwamba barua niliyoisambaza imemvua nguo marehemu baba yangu mbele za watu, na kwamba uliisoma mikononi mwa mteja wako, yule wa magauni ya harusi, ukiwa na pini mdomoni, nusura uzimeze. Kwamba nirudi kwenye kampuni ya bima kabla mwezi huu haujaisha, na nisiporudi, nisikanyage nyumbani kwako. Nimesikia. Sasa na mimi unisikilize, maana kwenye simu huwa unakata.

Siachi hii kazi. Nimeliweka neno hilo hapa mwanzoni ili usisome ukiwa na matumaini ya bure.

Hujawahi kuniuliza ninachofanya kutwa, kwa hiyo nitakueleza bila kuulizwa. Ofisi yetu ni vyumba viwili juu ya duka la matairi. Harufu ya mpira inapanda na ngazi, inaingia kwenye nywele, na Jumapili ukioga bado unayo. Chumba kimoja ni cha wauguzi, wako sita. Kila asubuhi wanabeba mikoba yao na kwenda nyumba kwa nyumba kwa watu wasioweza kutoka kitandani: wanawaosha, wanawageuza, wanasafisha vidonda, wanawafundisha wenye nyumba namna ya kufanya hivyo wenyewe. Chumba cha pili ni changu na mkurugenzi, tumetenganishwa na kabati. Kazi yangu ni kutafuta watu wa kuwawezesha hao sita waendelee kutembea. Cheo changu ni Afisa Msaidizi wa Uchangishaji, ingawa afisa ninayemsaidia hayupo. Aliacha kazi kabla sijaajiriwa na mpaka leo hajapatikana mwingine, kwa hiyo najisaidia mwenyewe.

Siku ya kwanza mkurugenzi, mwanamke mfupi asiye na subira na mtu, alinipa boksi la kadi zenye majina ya watu waliowahi kuchangia zamani, akanionyesha simu, akarudi nyuma ya kabati lake. Nikaanza na mwalimu mkuu mmoja mstaafu, mama mtu mzima mwenye sauti ya darasani. Nikamwamkia. Akaniuliza habari za asubuhi, nikasema nzuri. Za kazi? Nzuri. Wauguzi wenu je? Hawajambo wote. Na wagonjwa? Hapo, Mama, nilijibu vile ulivyonifundisha tangu nikiwa sijui kufunga viatu. Nilisema wagonjwa nao hawajambo, tunashukuru. Kisha nikakohoa kidogo, nikaingia kwenye ombi langu. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote. Akasema amefurahi mno kusikia kwamba kila mtu hajambo, na kwa kuwa ni hivyo, mwaka huu mchango wake ataupeleka mahali penye watu wenye shida. Akaniaga vizuri, akakata.

Mkurugenzi alicheka nyuma ya kabati mpaka nikamsikia anavua miwani kujifuta macho. Kisha kicheko kikaisha ghafla. Akatokeza akaniambia niweke kadi chini, nifuatane na wauguzi wiki nzima, na nisirudi kwenye simu mpaka niweze kujibu swali hilo moja tu, wagonjwa wanaendeleaje.

Nikaenda. Sitakusimulia nyumba zote. Kulikuwa na dereva mmoja wa lori aliyevunjika uti wa mgongo, amelazwa sebuleni kwa sababu kitanda hakikupita mlango wa chumbani. Mkewe alitupokea mlangoni, akauvuta mlango nyuma yake ukabaki upenyo wa kupitisha kiganja, akasema hatujambo, karibuni siku nyingine. Harufu ilikuwa inatoka pale kwenye upenyo, Mama, unaijua ile harufu. Muuguzi hakubishana naye. Alisema kwamba yeye mwenyewe leo si mzima, miguu inamuuma tangu asubuhi, na akaomba apewe maji na pa kukaa. Mwanamke yule angemnyimaje mtu maji? Akafungua. Nusu saa baadaye alikuwa amekaa sakafuni analia, akisema hajalala siku nne, na muuguzi alikuwa ameshamgeuza mumewe ukutani na kuanza kumsafisha. Mimi nilibaki nimesimama pale mlangoni. Nilikuwa naona mlango wetu.

Jumatatu nikampigia tena yule mwalimu mkuu. Aliponiuliza wagonjwa nikamwambia hawako vizuri, nikamweleza habari za dereva, bila kuongeza chumvi. Siku hizi anachanga kila mwezi, na akipiga huwa anamuulizia dereva kwanza, ndipo ananiulizia mimi.

Ndiyo kazi yenyewe hiyo. Usidhani ni rahisi au kwamba nimekaa chini ya feni nanyoosha mkono. Nimekaa kwenye mapokezi ya makampuni mpaka wahudumu wakanizoea na kuniachia funguo za choo. Meneja mmoja aliniweka saa tatu, akanisikiliza dakika nne, akanipa mchango wa kalenda ishirini, za mwaka uliopita. Nilizipokea, nikashukuru, nikamwandikia barua ya asante, na mwezi uliofuata nikarudi. Nilipoingia mara ya tano akasema heri anipe kuliko kuniona tena. Wewe mwenyewe ungenipigia makofi, maana hivyo ndivyo ulivyokuwa unamfuata yule mwenye duka la vitambaa mpaka anakuuzia kwa bei yako.

Na hapo ndipo ninaposhindwa kukuelewa. Uliniambia niombe kazi ya bima, nikaomba. Niombe likizo nije kukuona, nikaomba. Tangu utotoni uliniambia niombe ruhusa, niombe radhi, niombe Mungu. Kuomba kote huko kulikuwa ruksa na kulikuwa na heshima zake. Kukageuka aibu siku nilipoanza kumwombea mtu mwingine. Nieleze tofauti, nami nitasikiliza, lakini usinitumie Kaka.

Sasa tuje kwenye hiyo barua. Mtangulizi wangu alikuwa na barua yake ya kuomba michango, yenye taadhima nyingi na changamoto mbalimbali, ambayo ilitumwa miaka minne mfululizo na hakuna aliyeijibu, nadhani kwa sababu hakuna aliyeimaliza. Mkurugenzi akaniambia niandike nyingine. Nilikaa na karatasi tupu siku tatu. Siku ya nne nikaandika kwamba nilipokuwa na miaka kumi na minne nilijifunza kumgeuza baba yangu kitandani, na baada ya hapo maneno yakaja yenyewe. Niliandika kiharusi chake. Niliandika chumba cha nyuma na pazia lililofungwa miaka miwili, na mwaka mzima nilioacha shule. Niliandika kwamba kila aliyebisha hodi tulimwambia hatujambo. Mkurugenzi aliisoma akiwa amesimama, akaniuliza kama mama yangu ameniruhusu. Nikasema ndiyo. Huo ulikuwa uongo, na kwa uongo huo nakuomba radhi kwa moyo wangu wote.

Kwa barua yenyewe siombi radhi. Sikumvua nguo Baba. Baba alikuwa mgonjwa, na ugonjwa haukuwa wizi. Wewe ndiye uliyeufunika kama kitu cha wizi. Nakumbuka watu walivyokuja: mafundi wenzake, majirani, dada yake mwenyewe aliyesafiri siku nzima. Ulitoka, ukajifuta mikono kwenye kanga, ukatabasamu, ukasema tunaendelea vizuri, anapumzika. Uliwaambia hatujambo wakakuamini, kisha ukawalaumu kwa kukuamini. Miaka yote hii umekuwa ukiwahesabu waliotutupa. Mimi nilikuwa ndani, Mama, nimeshika beseni, na nilisikia vizuri kabisa nani alimtupa nani.

Umekasirika. Kasirika, lakini usiichane karatasi, kwa sababu lile lililonifanya niandike bado sijalisema. Nimelizungukazunguka kurasa hizi zote na mafua yangu.

Unakumbuka vidonda vya Baba, vile vya kiunoni, vilivyofika mahali tukawa tunaona mfupa. Unakumbuka ulivyovipaka mafuta ya kijani ya kwenye kopo, na jinsi vilivyoanza kukauka ndani ya mwezi wa pili, ngozi mpya ikaja. Ulinishika bega ukaniambia unaona, hatukumhitaji mtu. Umewasimulia wateja wako habari za mafuta hayo mpaka leo, bila kusema vidonda vilikuwa vya nani. Mama, vile vidonda havikupona kwa mafuta ya kijani. Vilipona kwa Mama Sindano.

Ndiyo, yeye. Jirani yetu wa ng'ambo ya uwanja, muuguzi wa wodini miaka thelathini, ambaye watoto wote wa mtaa tulimbandika jina hilo kwa hofu. Alikuja mara tatu wiki ya kwanza na mkoba wake, na mara tatu ulimrudishia mlangoni, ukasema hatujambo. Baadaye, Jumanne moja ulipokwenda kupeleka nguo za wateja, niligeuza shuka nikaona kile nilichokiona, nikatoka mbio bila viatu, nikavuka uwanja na kugonga kwake. Nilimwambia sisi si wazima. Nilimwambia Baba anaoza. Nilimwomba aje, na nikamwomba aape kwamba hutajua kamwe, kwa kuwa nilikuogopa wewe kuliko nilivyoogopa kifo. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza ya kuomba. Sikuianzia huku mjini.

Alikuja Jumanne na Ijumaa, kila ulipokuwa njiani na mzigo wako, miezi mitano. Alivichemsha vile vile vitambaa vya pamba ulivyokata kutoka kwenye mabaki ya kushonea ili usione kitambaa kigeni. Alitumia maji ya chumvi ili usisikie harufu ya dawa. Alinifundisha kumgeuza mtu mzito kwa goti na kiuno badala ya mikono, na ndiyo maana mimi leo nina mgongo na wewe huna. Baba alijua. Wewe ulidhani hajui kitu tena, lakini Jumanne na Ijumaa alikuwa anaukodolea macho mlango tangu asubuhi, na Mama Sindano akiingia alikuwa anacheka kwa ule upande wa mdomo uliobaki. Alikuwa anamsubiri. Kwa miezi mitano hiyo baba yangu alikuwa na kitu cha kusubiri.

Halafu tukamzika. Na siku ya tatu, nyumba imejaa watu, wewe ulisimama ukasema, kwa sauti ya kila mtu kusikia, kwamba yupo mtu humu ndani aliyekula mshahara wa uuguzi miaka thelathini na akashindwa kuvuka uwanja kumwona mtu anayekufa. Mama Sindano alikuwa amekaa karibu na dirisha na kikombe cha chai. Aliniangalia mara moja tu, nami nikaangalia sakafu. Alimaliza chai yake, akasimama, akaaga, akaenda. Imetimia miaka kumi na moja humpi hata salamu, na yeye miaka kumi na moja hajavunja kiapo alichompa mtoto wa miaka kumi na minne.

Unaona, basi, kwamba hata ile barua yangu maarufu ina uongo ndani yake, na si ule unaoufikiria. Niliandika kwamba hakuna aliyeingia kutusaidia. Nusu niliandika hivyo kwa kukuogopa wewe, mtu mzima mimi mwenye cheo. Nusu nyingine ni kwa sababu nimeshajifunza kwamba barua inauma zaidi watu wakiwa peke yao. Hiyo nusu ya pili ndiyo inayoninyima raha.

Kumbe kwenye orodha yetu kulikuwa na wauguzi wastaafu, nami sikuyapitia majina. Barua ilimfikia. Wiki iliyopita nilipokea bahasha yenye mwandiko wa wodini, herufi zimenyooka zote. Ndani kulikuwa na mchango wake na nusu ukurasa wa maneno. Anasema nimeandika vizuri, niendelee. Anasema nimesahau mto, ule wa kuweka katikati ya magoti ili ngozi isigusane, na niwaambie wauguzi wangu wasiusahau kama mimi. Basi. Nimemfuta mbele ya watu elfu tatu, naye kilichomsumbua ni mto.

Mwishoni alitaja kwa kupitia tu kwamba siku hizi goti limemkataa, kwamba ana wiki tatu hajatoka nje, anajivuta kutoka kitandani mpaka jikoni kwa kushika ukuta. Akamalizia kwamba hajambo. Na siku hiyo hiyo Kaka, katika kunisomea hukumu yako, aliniambia umelalamika kuwa kiburi cha yule mwanamke kimezidi, sasa hata pazia hafungui.

Nilikwenda kwa mkurugenzi nikamweleza yote, ruhusa ambayo hukuitoa na mtu niliyemfuta. Alinifokea mpaka wauguzi wakatoka chumbani mwao. Nina barua ya onyo kwenye faili, na natakiwa kuwaandikia upya wale wote elfu tatu, niwaambie ukweli. Hakunifukuza. Nimeshaanza kuiandika, na Mama Sindano yumo tangu mstari wa pili. Nawe umo, na nimejitahidi uwemo kama ulivyokuwa: mwanamke aliyemwosha mumewe kila siku kwa miaka miwili na kushona mpaka vidole vikatoka damu, na aliyekuwa na hofu. Sikukuandika vibaya, Mama. Sina ubavu wa kukuandika vibaya.

Nakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Umesema nisikanyage kwako ikiwa nitakuwa bado na kazi hii, na kazi nitakuwa nayo, kwa hiyo sitakanyaga. Nitafikia kwa Mama Sindano. Nitamwomba radhi kwa sakafu niliyoiangalia, kisha nitamfulia, nitampikia, na nitafungua hilo pazia, na ukichungulia kutoka kwenye cherehani yako utaniona.

Lakini nina ombi, na nimejifunza kwamba ombi linatajwa lilivyo, bila kuzunguka. Nataka uvuke uwanja. Sikutumi ukapige magoti, na maneno uliyosema mbele za watu sikulazimishi uyameze mbele za watu. Vuka tu. Atakuambia mlangoni kwamba hajambo, nawe usimwamini, uingie. Huhitaji kufundishwa la kufanya ukiwa ndani, unajua kumwinua mtu kuliko wauguzi wangu wote sita. Na usinisubiri mimi. Jumamosi ni mbali mno kwa mtu anayetembea kwa kushika ukuta.

Nisalimie Kaka, umwambie ameifanya kazi yake ya tarishi vizuri na sasa apumzike. Nisalimie Wifi na huyo aliyemo tumboni. Mteja wako wa magauni ya harusi naye mpe salamu, na ukipenda mwambie mafuta ya kijani hayatibu vidonda. Nakupenda, nimekukasirikia, na nitakuwa hapo uwanjani saa nne asubuhi.

Ni mimi mwanao,
kitinda mimba wako.